Orodha ya Punda

Maundu wa Katangi hakuwa mtu wa wivu, au ndivyo alivyojidanganya kwa miaka kumi na saba ya ndoa. Mkewe akisalimiana na wanaume sokoni, sawa. Akiimba kwaya na walimu wa kiume, sawa. Lakini Jumatatu moja ya Machi, mwaka 2003, alipita chini ya dirisha la ofisi ya mradi akiwa na jembe begani, akasikia sauti ya mwanamume ikisema, "Hapo sasa, Syombua. Umeshika." Jina tupu namna hiyo. Si Mama Mbula, si madam. Yeye mwenyewe, aliyepeleka mbuzi za ntheo, zile za posa, kwao Ndithini ili dunia ijue huyu ni mke wa mtu, hakuwa amelitamka jina hilo tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe.

Sauti ilikuwa ya Njogu, mtakwimu wa mradi, mtu wa Murang'a, umri miaka thelathini na mmoja, hajaoa, viatu vinang'aa hata siku za vumbi. Syombua alikuwa amechukuliwa pale kwa miezi mitatu aandike ripoti, kwa kuwa alijua kupiga taipu. Wiki ya pili Njogu akamgeuza mwanafunzi. Sasa mama wa watoto watatu alikuwa anashinda mbele ya kompyuta, bega kwa bega na kijana huyo, na mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi. Ndivyo walivyosema, vumbi. Maundu alikuwa ameishi na vumbi la Yatta miaka arobaini na minne na hajawahi kulifungia mlango.

Yeye alikuwa msimamizi wa shamba katika mradi huohuo. Mradi ulitaka kujua ni nini hasa kinachosaidia mahindi ya nchi kavu: samadi, mbegu ya duka, mitaro ya kuzuia maji, au nafasi pana kati ya mashina. Mambo manne, na kila moja jibu lake ni ndiyo au hapana. Ukiyachanganya kwa kila namna unapata michanganyiko kumi na sita, kwa hiyo shamba lilikuwa na ploti kumi na sita, kila moja na kigingi chake na namba yake. Aliyezipanga ni Maundu, na alizipanga kwa kumhurumia punda. Samadi ilibebwa na punda kutoka langoni, na punda yule alikuwa hapendi kupanda mlima akiwa na mzigo. Basi ploti nane za samadi zote zikakaa mwanzo, karibu na lango, na nane zisizo na samadi zikapelekwa juu huko. Ndani ya kila nane akagawa mbegu, ndani ya mbegu akagawa mitaro, na nafasi ya mashina ndiyo iliyobadilika kila ploti. Wakubwa walikubali. Vibarua wote walijua. Hakuna aliyewahi kuandika katika karatasi za ofisi kwamba mpango wa shamba ni mpango wa punda, kwa sababu nani huandika mambo ya punda.

Mavuno ya mvua za Oktoba yalipoingia, Maundu alipima ploti moja moja, akaandika uzito kuanzia namba moja hadi kumi na sita, akapeleka karatasi ofisini. Syombua aliipokea kwa mikono miwili na kumwambia asante kama anavyoambiwa mtu wa posta.

Jioni ile ya Jumatatu Syombua alikula haraka, akafuta kona ya meza, akaanza kupanga maharagwe.

"Baba Mbula, kuja uone. Nyekundu ni ndiyo, nyeupe ni hapana. Ukiwa na swali moja unapata mistari miwili. Maswali mawili, mistari minne. Matatu, minane. Manne?"

"Kumi na sita," alisema Maundu bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Nani alikufundisha?"

"Miguu."

Syombua akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha furaha tupu, lakini Maundu alikisikia tofauti. "Wewe uliandika hizo kumi na sita kwa mkono, mchana mzima. Leo mimi nimeambia mashine mstari mmoja tu. Mmoja, Baba Mbula. Ikamwaga zote, hakuna imerudiwa, hakuna imesahaulika. Ukiongeza swali la tano inakupa thelathini na mbili hapohapo. Njogu anasema..."

"Anasema nini Njogu?"

"Anasema hajaona mtu wa kushika haraka kama mimi."

Maundu akasukuma sahani. Wivu wake ulikuwa wa namna mbili, na yeye alikubali mmoja tu. Aliukubali ule wa mwanamume na mwanamke nyuma ya mlango uliofungwa. Ule wa pili alikuwa anaona haya kuutaja hata moyoni: kwamba hesabu hii ya ndiyo na hapana ilikuwa yake. Alikuwa ameitembea jua likimchoma kisogo, misimu sita, na hakuna siku hata moja mtu alimwambia ameshika haraka. Sasa mkewe alikuwa ameipata akiwa amekaa kitini, na macho yake yalikuwa yanawaka kama ya msichana.

"Rudisha maharagwe kwa debe," alisema. "Yataingia wadudu."

Syombua aliyakusanya. Akanyamaza mpaka wakati wa kulala, na Maundu akaamini kwamba ukimya huo ulikuwa wa kumfikiria mtu mwingine.

Nyumba hiyo ilikuwa inaegemea mahali pamoja tu, na wote wawili walijua. Barua ya Maundu ilikuwa imekuja tangu Februari: kazi ya shamba ingefungwa Juni. Mbula alikuwa kidato cha pili bweni, na wadogo zake wawili walikuwa nyuma yake. Alhamisi ya wiki iliyofuata wageni waliogharamia mradi wangekuja Katangi kusikia matokeo, na Madam Mwikali, mkuu wa mradi, alikuwa amemwambia Syombua waziwazi kwamba ripoti ikienda vizuri, ataandikwa kazi ya kudumu. Isipoenda vizuri, miezi mitatu ikiisha, imeisha.

*

Jumamosi mchana Syombua alikuja na ripoti nyumbani kuisoma mara ya mwisho. Maundu alisikia pikipiki ikisimama kwenye barabara, ikanguruma kidogo, ikaondoka. Alikuwa anatia jembe mpini. Hakuuliza ni pikipiki ya nani, kwa kuwa mradi ulikuwa na pikipiki moja na mwenye kuiendesha mmoja.

Syombua aliweka karatasi mezani, akaenda kuwasha jiko. Maundu akapangusa mikono, akajipitisha pale mezani kama mtu asiye na haja. Ukurasa wa kwanza ulisema samadi haisaidii kitu. Ulisema kinachokaribia kuzidisha mavuno mara mbili ni nafasi pana kati ya mashina. Maundu akasoma tena. Alikuwa amezibeba gunia za ploti nane za lango kwa mgongo wake mwenyewe, na mgongo ulikuwa bado unazikumbuka.

Akafungua ukurasa wa orodha. Chini ya neno samadi kulikuwa na ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, mpaka mwisho wa ukurasa. Chini ya neno nafasi kulikuwa na ndiyo nane zimepangana, kisha hapana nane. Kando ya mistari hiyo kulikuwa na uzito wa mavuno, kwa mpangilio uleule alioupeleka yeye, wa kwanza hadi wa kumi na sita. Alisimama hapo kama dakika mbili. Kisha akaona, na akaona yote kwa pamoja. Mashine ilikuwa inabadilisha jambo la kwanza kila mstari. Yeye na punda walibadilisha la mwisho. Michanganyiko ilikuwa ileile kumi na sita, hakuna uliopungua, lakini ilikuwa imepangwa kinyume, na kwa hiyo mavuno ya samadi yote yalikuwa yamepewa nafasi, na samadi ikabaki mikono mitupu.

Juu ya kila ukurasa palikuwa pamechapishwa jina la Njogu. Maundu alilitazama jina hilo na likamtosha. Maharagwe ya Jumatatu yalimjia kichwani, na maneno "leo mimi nimeambia mashine", akayafukuza kama anavyofukuza kuku jikoni.

Syombua alirudi na chai. "Baba Mbula, wewe ndio unajua hizo ploti. Hii maneno ya samadi inanisumbua. Hebu angalia kama kuna kitu haiko sawa."

Maundu alikuwa nayo sentensi ulimini. Ilikuwa fupi, na ingechukua muda mdogo kuliko kunywa kikombe cha chai. Hata alikuwa ameshafungua kinywa.

"Njogu amesema nikuulize," Syombua akaongeza. "Amesema wewe ndio utajua."

Basi hata swali hilo lilikuwa la Njogu. Mke wake mwenyewe alikuwa ametumwa kwake na mwanamume mwingine, kwa pikipiki. Hilo ndilo alilolisikia Maundu katika maneno hayo, na hakusikia lingine lolote.

"Mimi ni mtu wa punda," alisema. "Mambo ya mashine muulize huyo amekutuma."

"Lakini ni shamba yako."

"Mpaka Juni."

Syombua alimtazama, akainua karatasi zake moja moja, akazipiga kingo mezani zikalingana. Alisema Njogu alimwambia tarakimu zikishapita kwa mashine haziongopi, na kwamba pengine udongo wa Katangi ni tofauti. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejaribu kujiridhisha. Maundu akarudi kwa jembe lake. Siku nne zilizofuata alilala vizuri na kula vizuri, akimfikiria Njogu mbele ya wageni, viatu vyake vinang'aa na maneno yamemwishia.

*

Alhamisi tenti ilipigwa kando ya shamba, viti vikakopwa kanisani. Wakulima walikuja kutoka Katangi na hata Ekalakala, kwa kuwa ilisemekana kutakuwa na soda. Wageni watatu walikaa mbele na kofia zao. Madam Mwikali alikaa kati yao, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo. Njogu alieleza matokeo kwa Kiswahili, na Syombua, kwa gauni lake la Pasaka, akayageuza kwa Kikamba ili wazee wasiachwe nje. Nyuma yao ilining'inia karatasi kubwa ya orodha.

Syombua alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa na uhakika, na Maundu, aliyesimama na vibarua pembeni, alijikuta akijivuna kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Kisha Syombua akafika kwenye samadi. Alipowaambia kwamba samadi haikuongeza mavuno, viti vya kanisa vikaanza kulia.

"Asi," akasema mzee Reuben, mkulima wa hapo jirani, akaendelea kwa Kiswahili ili wageni wamsikie. "Kwani hizi miaka yote ng'ombe yangu imekuwa ikinya bure?"

Tenti nzima ikacheka. Mgeni mmoja aliomba aelezwe, akaelezwa, akaandika kitu. Syombua alitabasamu tabasamu la midomo tu. Njogu alianza kusema kuhusu udongo, lakini alikuwa amechelewa, watu walikuwa wanamcheka tayari. Maundu angeweza kuacha hapo. Mambo yangepita kama mzaha wa mzee, na Jumatatu angeweza kumwita mkewe kando na kumwambia palipoharibika. Aliijua njia hiyo na akaiona wazi. Akainua mkono.

"Madam, niko na neno."

"Sema, Maundu."

Alienda mbele na kijitabu chake cha jalada jeusi, alimoandika kila ploti ilipewa nini. Alieleza polepole, na kwa mara ya kwanza katika misimu sita watu wenye kofia walimsikiliza. Akaeleza habari za lango na za punda. Akasema ploti za samadi ni namba moja hadi nane, zote zimefuatana, na yeyote aliyewahi kutia mguu shambani anajua. Kisha akaonyesha karatasi kubwa: ndiyo, hapana, ndiyo, hapana.

"Hii mashine imehesabu mambo yake kutoka upande huu, na sisi tulipanda kutoka upande ule. Mahindi ya samadi yameandikwa ni ya nafasi. Mtu aliyepanga hii orodha," alisema, na hapo akageuka kumtazama Njogu, "hajui mahali punda anapita."

Wazee wakapiga makofi. Reuben alipiga na miguu. Madam Mwikali hakupiga. Alichukua kijitabu, akakilinganisha na karatasi, kidole kimoja hapa na kingine pale, mpaka alipotosheka. Kisha akavua miwani.

"Hii orodha imeandikwa na nani?"

Maundu aliona Syombua akiweka chini kijiti cha kuonyeshea. Alimwona akivuta pumzi, midomo ikifunguka, na yale maharagwe aliyoyafukuza yalikuwa yamerudi yote na hayakukubali tena kufukuzwa.

"Ni mimi," alisema Njogu.

Syombua akageuka. "Bwana Njogu..."

"Mama Mbula aliandika vile nilimwambia," Njogu akaendelea, akimtazama Madam Mwikali peke yake. "Aliniuliza kuhusu samadi mara mbili. Sikumsikiliza. Kosa ni langu."

"Umekaa hapa miezi mitano."

"Ndiyo, Madam."

"Na hujawahi kutembea ploti kumi na sita?"

"Sijawahi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Madam."

Alisema hayo mbele ya wageni, mbele ya vibarua, mbele ya wazee waliokuwa wakisubiri soda, na hakuinamisha kichwa. Maundu alikuwa amepata kila alichokitamani, na alitafuta uso wa mkewe ili aone amekionaje. Syombua hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama Njogu. Katika miaka kumi na saba Maundu alikuwa hajamwona mwanamke huyu akimtazama mtu hivyo, na alijua mara moja kwamba hatasahau.

*

Ijumaa mambo yalikwenda haraka. Njogu aliambiwa arudi Nairobi kesho yake, na kwamba mkataba wake utaangaliwa huko, maneno ambayo kila mtu aliyaelewa. Syombua alirekebisha mstari mmoja tu, mashine ikamwaga orodha mpya, samadi ikarudishiwa mavuno yake. Akapewa barua ya kazi ya kudumu. Maundu naye akaitwa ofisini, akaambiwa kwamba Juni haimhusu tena, atabaki na kazi ya kuhakikisha orodha za mashine zinalingana na ploti. Alionyeshwa hata kiti. Kilikuwa cha Njogu, na kilikuwa kimetazamana na cha mkewe.

Jumamosi Maundu alinunua kilo mbili za nyama, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Krismasi. Syombua aliipika na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, akampakulia, akajipakulia kidogo. Alikuwa amezungumza naye siku hizo mbili kwa adabu kamili: habari ya asubuhi, karibu chakula, maji ya kuoga yako tayari. Maundu angependa atukanwe.

"Sasa hatuna shida," alisema. "Wewe uko na kazi, mimi niko na kazi. Mbula atasoma."

"Tunashukuru Mungu."

Akatafuna. Nyama ilikuwa laini na hakuisikia ladha.

"Ile orodha niliandika mimi," Syombua akasema.

"Najua."

"Umejua lini?"

Alikuwa na nafasi ya kudanganya, na alifikiria kuitumia. "Jumamosi," alisema.

"Hii Jumamosi imepita? Nikiwa nimesimama hapa na chai?"

"Sikujua Madam atauliza ni nani aliandika."

"Ulijua atauliza. Ulingoja aulize." Hakupandisha sauti. "Ningesimama hapo mbele ya watu wa kanisa langu nifutwe kazi, na wewe umeshika kijitabu, unapigiwa makofi. Watoto wangekula hayo makofi?"

Badala ya kujibu, Maundu akageukia swali lake mwenyewe. Lilikuwa limemkaa kooni tangu siku ya dirisha, na ingawa alijua kwamba leo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuliuliza, lilitoka.

"Niambie ukweli. Wewe na huyo Njogu, kulikuwa na kitu?"

Alitaka Syombua akasirike. Alitaka aape, alie, atupe mwiko, maana mwanamke mwenye hasira ya kusingiziwa ni mwanamke ambaye bado ni wako. Syombua hakukasirika. Aliweka kijiko chini na kulifikiria swali hilo kwa makini, vile alivyokuwa akizifikiria hesabu zake siku hizi, akihakikisha hakuna mstari alioruka.

"Hakukuwa na kitu, Baba Mbula," alisema mwishowe. "Hata siku moja. Mpaka Alhamisi."

Akanyanyuka, akafunika sufuria nyama isipoe, akanawa mikono. Kisha akajifunga leso na kwenda stendi kumuaga mtu, mchana kweupe, akipita katikati ya soko la Katangi, na kila aliyemsalimia alimjibu.